Bibi Waheenee na mwandishi aliyejua kunyamaza

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Kibaraza kimepata vumbi. Nilikuwa safarini kikazi, na leo nimerudi na aibu kidogo ambayo nimeona niitoe hapa hapa mbele yenu.

Nilitumwa kijijini kuandika habari ya ukame. Nilipofika nikaonyeshwa bibi mmoja mkulima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, nikatoa kinasa sauti. Bibi akaanza kunieleza habari za mbegu zake: ipi inavumilia jua, ipi inaliwa mapema na dumuzi, na kwa nini mwaka huu alichelewa kupanda kwa makusudi. Mimi natazama saa. Gari la ofisi lilikuwa linaondoka saa nane. Nikamkatiza: "Sasa bibi, unaiomba nini serikali?" Akaniangalia kidogo, kisha akanipa nilichokuwa nakitaka. Gazetini alitoka na sentensi moja tu: anaomba chakula cha msaada.

Sentensi hiyo imenirudia kichwani kwa sababu wiki hii nimemaliza kusoma kitabu cha mahojiano na bibi mwingine, mkulima pia, wa mbali kabisa na sisi. Yeye alihojiwa na mtu aliyerudi kwake kiangazi baada ya kiangazi. Matokeo yake ni kwamba leo, zaidi ya miaka 90 tangu bibi huyo afariki, tunajua alivyopanda, alivyopalilia, alivyovuna, alivyoficha chakula chini ya ardhi, na hata alivyokasirishwa na farasi walioingia shambani. Nataka niwasimulie habari zake. Mkimaliza mtaielewa aibu yangu.

Jina lake ni Waheenee. Kwenye kitabu cha kwanza kilichochapishwa aliitwa Maxi'diwiac, na watu wa lugha ya Kiingereza wanamfahamu kama Buffalo Bird Woman. Alikuwa Mhidatsa.

Wahidatsa ni nani? Ni moja ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao sinema za utotoni zilitufundisha kuwaita Wahindi Wekundu. Katika zile sinema walikuwa na kazi mbili: kupanda farasi na kupigwa risasi. Mimi sijawahi kuona sinema hata moja ikimwonyesha "Mhindi Mwekundu" ameshika jembe. Ndiyo maana kitabu hiki kilinishtua. Wahidatsa walikuwa wakulima, tena wakulima hodari, karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kukanyaga kwao.

Na hapa msomaji wangu nikukumbushe jambo dogo. Mahindi ya ugali wako wa jana asili yake ni Amerika. Wenyeji wa nchi ambayo leo ni Mexico waliyatoa kwenye nyasi za porini miaka kama 9,000 iliyopita, na yalikuja kufika kwetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi. Maharage ni hivyo hivyo. Alizeti nayo, ambayo leo inatupa mafuta ya kupikia, ilifugwa shambani na wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo tunapomzungumzia bibi huyu hatuzungumzii mambo ya watu wengine. Tunazungumzia ukoo wa chakula chetu.

Nchi ya Wahidatsa ni kando ya mto Missouri, katika jimbo ambalo leo linaitwa North Dakota, kaskazini kabisa karibu na Kanada. Kule baridi ni ya kuua na kiangazi ni kifupi mno. Hata hivyo walilima mahindi, maharage, maboga na alizeti, kwa sababu vizazi kwa vizazi walichagua mbegu zinazowahi kukomaa kabla ya jalidi. Walikaa katika vijiji vya nyumba kubwa za mviringo, zilizojengwa kwa magogo na kufunikwa udongo. Wanawake ndio waliokuwa na kazi kubwa ya kuzijenga, na nyumba ilikuwa mali yao. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe. Mashamba nayo yalikuwa ya wanawake. Wanaume waliwinda nyati wa Marekani, walikwenda vitani, na walilima kitu kimoja tu: tumbaku yao ya kuvuta.

Makabila ya wawindaji yalikuja hapo kubadilisha ngozi na nyama kavu kwa mahindi. Hata wale wapelelezi mashuhuri wa serikali ya Marekani, Lewis na Clark, walipokaa jirani na vijiji hivyo majira ya baridi ya mwaka 1804 kuingia 1805, askari wao walikula mahindi ya wanawake hao. Wahunzi wa msafara walifua mashoka, wakalipwa kwa mahindi. Vitabu vya historia vinawasifu sana wale mashujaa wawili. Waliowalisha hawatajwi sana.

Kisha ikaja ndui. Mwaka 1837 meli ya mvuke iitwayo St. Peter's ilipanda mto Missouri ikiwa na wagonjwa. Majirani zao Wamandan, waliokuwa zaidi ya elfu moja na mia kadhaa, walibaki hata mia mbili hawafiki. Wahidatsa walipoteza karibu nusu ya watu wao. Waheenee alizaliwa baada ya hapo, yapata mwaka 1839, na yeye mwenyewe alihesabu umri wake kuanzia majira ya ndui, kama wazee wetu wanavyosema "nilizaliwa mwaka wa njaa ile" au "mwaka wa nzige".

Alipozaliwa alipewa jina lingine, lenye maana ya Njia Njema. Akawa mtoto wa kuugua ugua. Baba yake, Small Ankle, akambadilisha jina ili apone, akamwita Waheenee, jina la ndege mdogo wa kahawia anayefuatana na makundi ya nyati. Dawa ilifanya kazi kweli kweli, maana aliishi mpaka mwaka 1932, akiwa na zaidi ya miaka 90.

Mwaka 1845 mabaki ya Wahidatsa na Wamandan waliungana wakajenga kijiji kipya mahali ambapo mto umejikunja kama ndoano, wakakiita Like-a-Fishhook. Waheenee alikuwa na umri kama wa miaka sita. Mama yake mzazi alifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake aliyeitwa Turtle pamoja na dada za mama yake. Kwa Wahidatsa dada wa mama ni mama. Kwetu hilo halihitaji maelezo.

Bibi Turtle huyo ni mtu wa kumpenda tangu ukurasa wa kwanza. Wakati ule majembe ya chuma ya wafanyabiashara yalikuwa yamekwisha kuingia na wanawe walikuwa wakiyatumia. Yeye aliendelea na jembe lake la mfupa wa bega la nyati, lililofungwa kwenye mpini, na mti wake wa kuchimbia uliochongwa ncha na kukaushwa motoni. Wajukuu walilichungulia lile jembe la mfupa kama kioja. Lakini mjukuu mmoja alitazama kwa makini jinsi linavyoshikwa, na miaka sitini baadaye aliweza kulieleza, na kutengeneza lingine la mfano wake, mpaka sisi tunaolisoma tunaona kama tumelishika.

Sasa niwape kidogo ya yale aliyoyaeleza. Nitakwenda polepole, kwa sababu utamu wa kitabu uko kwenye vitu vidogo vidogo.

Mashamba yao hayakuwa kwenye mbuga za wazi. Nyasi za mbugani zina mizizi migumu ambayo jembe la mfupa haliwezi. Walilima kwenye udongo laini wa bondeni kando ya mto, ambako walifyeka vichaka, wakavikausha na kuvichoma. Alizeti ilitangulia, mwezi wa Aprili, ikapandwa pembeni kuzunguka shamba. Mahindi yalifuata Mei. Nani aliwaambia kwamba wakati umefika? Walitazama vichaka fulani vya matunda ya porini. Majani yakichipua, panda. Hiyo ndiyo kalenda.

Mahindi yalipandwa kwenye vituta vya mviringo, kituta kimoja mbali na kingine kama futi nne. Kwa nini zisiwe futi mbili ili upate mengi zaidi? Anajibu kwamba yakisongamana, masuke yanakuwa madogo, na Wahidatsa walikuwa na jina la kuchekesha kwa mahindi ya namna hiyo: waliyaita yanayonusana. Katikati ya safu wakapanda maharage. Wanawake walikwenda shambani kabla jua halijachomoza na kurudi joto likipanda. Naona kama namwona nyanya wa mtu yeyote kati yetu.

Mahindi yakianza kuzaa, wasichana walipelekwa kuamia ndege. Walijengewa jukwaa la miti katikati ya shamba, lenye kivuli, wakapanda kwa ngazi. Sisi tunaliita dungu, wengine ulingo. Wakikaa huko juu waliyaimbia mahindi. Waheenee alieleza kwamba waliamini mahindi yanapenda kuimbiwa, kama mtoto mchanga anavyopenda kubembelezwa na mama yake. Na nyimbo nyingine zilikuwa za kuwatania vijana wa kiume waliojifanya wanapita tu karibu na shamba. Wahenga wa pande zote ni wale wale!

Mavuno yalikuwa na kanuni zake. Mahindi mengine yalivunwa mabichi, yakachemshwa, yakapukuchuliwa kwa gamba la kome na kuanikwa. Mengine yaliachwa yakauke, yakasukwa kwa maganda yake kama nywele za twende kilioni, yakatundikwa. Magunzi hayakutupwa ovyo. Yalichomwa, na utando wa majivu yake ukawa kiungo cha chakula. Maboga yalikatwa vipande vya mviringo, yakatungwa kwenye vijiti na kukaushwa. Mbegu za alizeti zilikaangwa na kusagwa, zikafinyangwa kuwa tonge. Mpiganaji akisafiri alibeba tonge moja, na akichoka anamega kidogo, nguvu zinarudi.

Akiba iliwekwa chini ya ardhi. Walichimba shimo lenye mdomo mwembamba na tumbo pana kama mtungi, mara nyingi refu kiasi cha kuhitaji ngazi kushuka. Ndani wakalitandika nyasi kavu. Masuke yaliyosukwa yalipangwa kuzunguka ukuta, punje zikamwagwa katikati, na maboga makavu yakazikwa katikati kabisa ya punje. Kwa nini hapo? Kwa sababu boga kavu likipata unyevu ndilo la kwanza kuharibika, na pale katikati mahindi yanalikinga pande zote. Shimo likafunikwa na juu yake udongo ukasawazishwa, ili adui akija kijijini wakati wenyewe wamehamia kambi ya majira ya baridi, asijue anatembea juu ya chakula. Akiba haiozi, lakini yao ilikuwa pia haionekani.

Nimeacha la mbegu mwisho kwa sababu ndilo lililonikumbusha yule bibi niliyemkatiza.

Waheenee alichagua mbegu kwa jicho la mtaalamu. Alitafuta suke kubwa, lenye safu zilizonyooka, lisilo na dalili ya ukungu. Punje za kwenye ncha na za kwenye kitako hakuzipanda, alichukua za katikati tu. Na hakuweka mbegu za mwaka mmoja. Aliweka za kutosha miaka miwili, ili jalidi ikiua mavuno yote mwaka huu, mwakani kuwe na cha kupanda. Zaidi ya hapo, Wahidatsa walijua kwamba mahindi "husafiri". Ukipanda mahindi ya njano karibu na meupe, masuke yatachanganyika rangi. Kwa hiyo kila aina ilitengwa na nyingine, na familia zilizopakana zilizingatia hilo. Kijijini kwao kulikuwa na aina kadhaa: ngumu nyeupe, laini nyeupe, ngumu ya njano, laini ya njano, na moja yenye unga wa kunata. Kila moja na matumizi yake.

Haya yote yaliwekwa na watu ambao vitabu vya wakati huo viliwaita washenzi.

Sasa turudi kwenye mahojiano. Mwaka 1906 mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, Gilbert Wilson, alifika katika eneo la hifadhi la Fort Berthold ambako Wahidatsa walikuwa wamewekwa. Alikwenda kwa sababu ya kupenda habari za wenyeji, akakutana na familia ya Waheenee. Kuanzia mwaka 1908 Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la New York lilianza kumgharamia, akawa anarudi kiangazi hadi mwaka 1918. Bibi hakuzungumza Kiingereza. Mkalimani alikuwa mwanawe, Edward Goodbird, aliyesoma shule ya misheni. Kaka yake bibi, Wolf Chief, naye alitoa habari zake. Mdogo wake Wilson, Frederick, alichora picha za vifaa.

Kilichonivutia kama mwandishi ni namna walivyofanya kazi. Wilson aliuliza, kisha alinyamaza. Bibi akieleza jembe, hakutosheka na "tulikuwa na jembe la mfupa". Alitaka kujua mfupa gani, umefungwa kwa nini, umeshikwaje. Bibi alitengeneza vitu kwa mikono yake ili vionekane: vikapu, vifaa vya shamba, mitumbwi ya ngozi. Na Wilson alipoandika hakusema "Wahidatsa wanaamini kwamba...". Alimwacha bibi aseme "mimi". Mwaka 1916 kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1917 ikachapishwa kwa jina la *Agriculture of the Hidatsa Indians*. Mwaka 1921 kikatoka kingine, *Waheenee*, cha maisha ya bibi mwenyewe.

Fikiria. Tasnifu ya udaktari ambayo karibu yote ni maneno ya bibi asiyejua kusoma!

Lakini tusiwe wepesi wa kupiga makofi. Digrii ilikwenda kwa Wilson. Jina la mwandishi kwenye kitabu cha 1917 ni la Wilson. Ni mwaka 1987, miaka 70 baadaye, kilipochapishwa upya na kuitwa *Buffalo Bird Woman's Garden*, ndipo bibi akapanda kwenye jalada la kitabu chake.

Na kuna zito kuliko hilo. Baba yao Small Ankle alikuwa mtunzaji wa amana takatifu ya ukoo wa Waterbuster, ambayo ndani yake mlikuwa na mafuvu mawili ya binadamu, na ambayo iliombwa ili mvua inyeshe. Alipofariki ikabaki kwa Wolf Chief, aliyekuwa amegeukia Ukristo. Mwaka 1907 Wolf Chief akaiuza, na aliyeinunua ni Wilson huyu huyu, kwa ajili ya mkusanyaji wa vitu vya kale wa New York, George Heye. Watu wa ukoo hawakukubali kwamba mtu mmoja anaweza kuuza kitu cha wote. Ukame wa miaka ya 1930 ulipowakausha waliidai kwa nguvu, na mwaka 1938 amana ikarudishwa kwao.

Kwa hiyo mtu yule yule aliyeokoa maneno ya bibi alishiriki kuondoa kitu kitakatifu cha ukoo. Mimi siwezi kuificha sehemu hii ili hadithi iwe tamu. Nadhani inatufundisha tofauti. Maelezo ya kilimo bibi aliyatoa yeye mwenyewe, kwa hiari, na baada ya kuyatoa aliendelea kuwa nayo. Amana ya ukoo ilipoondoka, haikubaki. Kila mwandishi, mtafiti na mpiga picha anayekwenda vijijini na begi lake ajiulize: ninachochukua hapa, kinabaki pia kwa mwenyewe?

Na kwa nini bibi alikubali kukaa chini na kueleza yote hayo? Tutazame hali yake. Sheria ya mwaka 1887 iligawa ardhi ya wenyeji vipande vipande, kila familia na kipande chake. Kijiji cha Like-a-Fishhook kilivunjwa katika miaka ya 1880, watu wakatawanywa. Nyati walikuwa wamekwisha. Maofisa wa serikali waliwafundisha kulima kwa plau mbugani, ngano na shayiri, na kuwaletea mbegu mpya. Watoto walipelekwa shule. Mwanawe mwenyewe alilima kwa plau, alifuga ng'ombe, akawa mhubiri. Bibi hakumlaumu. Alijivunia mwanawe. Lakini alikuwa anajua kwamba yeye ni kiungo cha mwisho cha mnyororo ulioanzia kwa Turtle na kurudi nyuma huko kusikohesabika.

Tena hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa na hoja. Alisema mbugani udongo unakauka upesi, mwaka wa ukame huvuni kitu, bora bonde. Alisema magugu mengine mabaya hayakuwapo mpaka Wazungu walipokuja. Alipopeleka mahindi yake kwenye maonyesho ya kilimo alipata tuzo ya kwanza, na akasisitiza kwamba ukiacha ardhi yenyewe kulimwa kwa plau, kila kitu kingine alikifanya kwa njia ya zamani, kwa jembe la mkono. Huyo hakuwa anaomboleza mambo ya kale. Alikuwa anajibu mabishano ya kitaalamu, na kwenye mizani aliweka mahindi.

Mabishano hayo yalimalizwa kwa njia ambayo hakuiona, na afadhali. Mwaka 1947 serikali ya Marekani ilianza kujenga bwawa la Garrison kwenye mto Missouri. Mwenyekiti wa makabila hayo matatu, Wahidatsa, Wamandan na Waarikara, aliitwa George Gillette. Kuna picha ya tarehe 20 Mei 1948 mjini Washington, waziri anatia sahihi mkataba wa kuichukua ardhi, na Gillette amesimama pembeni amefunika uso kwa mkono, analia. Bwawa lilipofungwa mwaka 1953, maji yalifunika zaidi ya ekari 150,000 za ardhi yao, na humo ndimo yalimokuwa mabonde yote mazuri. Familia zaidi ya 300 zilihamishwa zikapelekwa juu mbugani, kule kule ambako bibi alisema mahindi hayatakubali. Mahali pa Like-a-Fishhook pako chini ya maji. Ziwa lenyewe limepewa jina la Sakakawea, mwanamke aliyeishi kijiji cha Wahidatsa wakati wa Lewis na Clark. Wamezamisha mashamba ya wanawake, wakalipa ziwa jina la mwanamke.

Sasa nikuulize msomaji. Kama yule mchungaji angeuliza swali moja tu, "Bibi, unaiomba nini serikali?", leo kungekuwa na nini?

Kuna kitu, na kipo kwa sababu hakuuliza hivyo tu. Kwenye eneo la kumbukumbu la vijiji vya Knife River imejengwa nyumba ya udongo ya mfano, na bustani inalimwa kama alivyoeleza. Kuna aina za maharage, alizeti na mahindi ya Wahidatsa ambazo bado zinapandwa na kuuzwa kama mbegu. Wakulima wadogo wa Marekani wanakisoma kile kitabu kama mwongozo, wanapima futi nne, wanatazama vichaka. Na wajukuu wa Wahidatsa wenyewe, bonde likiwa limezama, wakitaka kujua bibi zao walipanga vipi ghala la chini ya ardhi, wanafungua ukurasa na kumkuta bibi anaongea.

Tunapenda kusema kwamba mzee akifa, maktaba imeungua. Tunausema sana msemo huo kwenye semina, tukishamaliza kunywa chai. Ila maktaba hii ya bibi Waheenee haikuungua. Haikuokolewa na hotuba wala na siku ya utamaduni yenye ngoma na fulana. Iliokolewa na maswali madogo yaliyorudiwa: mfupa gani? umbali gani? kwa nini katikati? Na ikaokolewa na bibi ambaye alijua kwamba "zamani tulikuwa tunalima vizuri" haimsaidii mtu, lakini "punje za ncha usipande" inaweza kumlisha mtu ambaye hajazaliwa.

Mimi nimeazimia kurudi kwa yule bibi wa kijijini. Safari hii sitapanda gari la ofisi, nitapanda basi, na nitaacha saa mezani. Nataka kujua kwa nini alichelewa kupanda kwa makusudi. Alitaka kuniambia, nikamkatiza.

Na wewe mwenzangu, unayesoma haya ukiwa ofisini au chuoni, bibi yako bado yupo? Ulipompigia simu mara ya mwisho mliongea nini zaidi ya afya na hela ya sukari? Mwulize kitu kimoja kidogo, cha mikono. Kisha nyamaza.

Tuonane tena hapa kibarazani, nikirudi.